Kabla ya kuchimba mtaro mpya, ongeza rangi kwenye uzi ulionao

Mikongo ya mawasiliano ya Afrika Mashariki ina uwezo mkubwa ambao haujawahi kuwashwa. Kuuwasha ni kazi ya vifaa vya ncha mbili za njia, na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kulaza mkongo mwingine.

Saa mbili usiku, watu wakiwa wamerudi nyumbani, wamekula na kushika simu, kuna mchoro mmoja unaotazamwa kwa wasiwasi katika ofisi za watoa huduma wadogo wa intaneti. Ni mstari unaoonyesha data inayopita kwenye njia kuu. Mchana hupanda na kushuka kufuata shughuli za watu. Jioni hupanda kwa kasi, halafu hukatika juu na kwenda bapa hadi karibu na usiku wa manane.

Ubapa huo ndio ugonjwa. Wateja hawakukubaliana kutumia kiasi kilekile kwa saa nne mfululizo. Njia imejaa, na kila kinachozidi ama kinasubirishwa ama kinatupwa. Huko majumbani mwanafunzi anayefuatilia somo la video anaona picha ikiganda, na mama anayezungumza na nduguye aliyeko Muscat anasikia sauti ikikatika katikati ya neno. Kisha simu za malalamiko zinaanza kuingia: mbona nimelipia kasi ambayo siioni?

Mwenye kampuni ana la kuchagua. Anaweza kuchimba mtaro na kulaza mkongo wake. Anaweza kukodi nyuzi nyingine kwa mwenye mkongo, kama zimebaki. Au anaweza kuziongezea uwezo nyuzi zilezile anazozilipia tayari. Mazungumzo na benki aghalabu huanzia kwenye hilo la kwanza, kwa sababu mtaro unaonekana na unapigwa picha. Makala hii inahusu hilo la mwisho, ambalo ndilo rahisi kuliko yote na ndilo linaloeleweka kwa watu wachache zaidi.

Kioo ni rahisi, mtaro ni ghali

Uzi wa faiba ni kioo chenye kipenyo cha mikromita 125, na kiini kinachopitisha mwanga hakizidi mikromita 9 hivi. Nyuzi 48 zilizofungwa kwenye mkongo mmoja hazifikii unene wa kidole gumba. Kioo hicho si kitu cha bei ya kutisha.

Fedha huishia kwingine: vibali vya barabara, kukata lami na kuirudishia, kuvuka mto na reli, fidia, chemba za zege, vibarua, walinzi, na mafundi wa kuunga. Ndiyo maana mashirika ya umeme yamekuwa washirika wa mawasiliano. Waya wa juu kabisa kwenye nguzo za msongo mkubwa, ule unaokinga radi, unaweza kubeba nyuzi za faiba tumboni mwake, na hakuna anayechimba chochote. Mkongo wa Taifa wa Tanzania, ulioanza kujengwa 2009 na unaosimamiwa na TTCL, umetumia pia nyuzi za kwenye njia za umeme za TANESCO. Nchini Kenya, Kenya Power nayo hukodisha nyuzi zilizo kwenye njia zake.

Suala hili haliishii kwenye miji ya pwani. Kampala, Kigali, Bujumbura na miji ya mashariki ya Kongo haina bahari. Data yao hutegemea njia za nchi kavu kwenda Mombasa na Dar es Salaam, na kila shilingi inayolipwa njiani huongezwa kwenye bei ya kifurushi cha mtumiaji wa mwisho. Njia hizo zikiongezewa uwezo kwa gharama ndogo, kuna nafasi ya bei kushuka mamia ya kilomita kutoka ufukweni.

Rangi nyingi, uzi mmoja

Mwanga wa kwenye faiba hauonekani kwa macho, lakini una rangi zake, yaani urefu tofauti wa mawimbi. Moduli ya kawaida inayochomekwa kwenye swichi hutuma rangi moja: nanomita 1310 kwa safari fupi, 1550 kwa safari ndefu. Uzi mzima unashikwa na rangi hiyo moja, na nafasi yote iliyobaki inakaa bure usiku na mchana.

Ni sawa na jiji zima kuwa na kituo kimoja cha redio. Anga lingebeba vituo vingi bila kugongana, mradi kila kimoja kikae kwenye masafa yake. Kupitisha rangi nyingi kwenye uzi mmoja ndiko wahandisi wanakokuita WDM, na ndiko kulikobadilisha uchumi wa mawasiliano duniani.

Hatua ya kwanza ni ndogo kiasi kwamba haihitaji hata kisanduku. Kwa kawaida kiungo hutumia nyuzi 2, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi. Moduli ambazo mafundi huziita BiDi hutuma kwa rangi moja na kupokea kwa nyingine ndani ya uzi uleule. Zile za gigabiti 10 hutumia nanomita 1270 upande huu na 1330 upande ule. Aliyekodi nyuzi 2 anajikuta na njia 2 badala ya 1. Uwezo umeongezeka maradufu kwa bei ya moduli 4.

> Aliyekodi nyuzi 2 anajikuta na njia 2 badala ya 1, kwa bei ya moduli 4.

Hatua inayofuata ni CWDM. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, limepanga rangi 18 kuanzia nanomita 1271 hadi 1611, zikiachana nanomita 20. Upana huo ndio unaoshusha bei: leza inaweza kuhama kidogo kwa joto la mchana bila kuingia kwenye rangi ya jirani, kwa hiyo haihitaji mtambo wa kuipoza. Kisanduku cha kuchanganya rangi upande mmoja na kuzitenganisha upande wa pili ni vichujio vya kioo tu. Hakina feni, hakina programu ya kusasisha, hakichomekwi kwenye umeme. Umeme wa mtaa ukikatika, chenyewe hakina habari. Bei yake huhesabiwa kwa mamia ya dola.

Hesabu yake inafaa kutazamwa kwa karibu, maana hapa ndipo mradi unapofaulu au kuanguka. Chukua mtoa huduma mwenye nyuzi 2 kutoka katikati ya Dar es Salaam hadi Kibaha, takriban kilomita 40. Kila kilomita ya kioo, pamoja na maungio yake, ipewe hasara ya desibeli 0.25, jumla 10. Visanduku vya ncha zote mbili vitakula kama desibeli 5. Konekta za kwenye fremu, pamoja na akiba ya siku mkongo utakapokatwa na kuungwa upya, zipewe 3. Jumla yote ni 18.

Desibeli 18 maana yake ni kwamba mwanga unaofika Kibaha haufiki hata asilimia 2 ya uliotoka Dar es Salaam. Asiyezoea hesabu hizi atadhani kiungo kimekufa. La hasha. Moduli za gigabiti 10 za daraja la kilomita 80 zimeundwa kuvumilia hasara ya desibeli 23 hivi. Rangi 8 za juu, kuanzia 1471 hadi 1611, zinampa gigabiti 80 pale alipokuwa na 10, na hakuna sururu iliyogusa ardhi ya Mbezi wala Kibamba.

Akitaka zaidi mwaka unaofuata, habomoi alichojenga. Milango ya 1531 na 1551 ya kisanduku hicho ina upana wa kutosha kupokea rangi nyembamba za DWDM, ambazo huachana takriban nanomita 0.8 tu. Kisanduku kidogo nyuma ya mlango mmoja kinaweza kuweka rangi 8 palipokuwa na moja. Desibeli zihesabiwe upya, naam, lakini mtaji unatoka kidogo kidogo kadiri wateja wanavyoongezeka. Kwa kampuni changa inayokopa kwa riba za benki zetu, hilo ni jambo kubwa kuliko namba zote za kasi.

CWDM ina mpaka wake. Ni teknolojia ya makumi ya kilomita. Ukitaka kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, lazima mwanga ukuzwe njiani, na kikuza mwanga kinachotumika zaidi, chenye madini ya erbi ndani ya kioo chake, hufanya kazi vizuri kwenye ukanda wa nanomita 1530 hadi 1565. Rangi za CWDM zilizotawanyika mbali na ukanda huo hazisaidiwi.

Kikuza hicho ndicho kilichoipa DWDM nguvu. Kilitokana na kazi ya miaka ya 1980, hasa ya timu ya David Payne katika Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, iliyotangaza matokeo yake 1987. Kabla yake, kila kituo cha njiani kilibadilisha mwanga kuwa umeme na kuurudisha kuwa mwanga, na kila rangi ilidai kifaa chake. Kikuza cha erbi hupandisha nguvu ya rangi zote kwa mpigo bila kuzigeuza kitu kingine. Kikishafungwa, kuongeza rangi ya 9 au ya 40 ni kuongeza vifaa vya ncha mbili tu.

Bahari ilivyothibitisha

Mwenye shaka atazame chini ya Bahari ya Hindi. Mkongo wa EASSy ulianza kazi 2010, mwaka mmoja baada ya mikongo ya SEACOM na TEAMS kufika Mombasa. Una urefu wa takriban kilomita 10,000, kutoka Mtunzini nchini Afrika Kusini hadi Port Sudan, ukigusa Maputo, Dar es Salaam na Mombasa miongoni mwa vituo vyake. Ndani yake mna jozi 2 tu za nyuzi.

Ulipoanza kazi, rangi moja kwenye mikongo ya masafa marefu ilibeba kwa kawaida gigabiti 10. Mwanga uliwashwa na kuzimwa haraka, basi. Katika miaka hiyohiyo zikaingia sokoni moduli zinazosoma mwanga kwa undani zaidi: nguvu yake, mkao wa wimbi lake na mwelekeo wa mtetemo wake, huku chipu yenye uwezo mkubwa wa hesabu ikinyoosha mawimbi yaliyopinda safarini. Rangi ileile ikaweza kubeba gigabiti 100 na zaidi. Vifaa vya nchi kavu vikabadilishwa, na uwezo wa EASSy ambao mwanzoni ulitangazwa kuwa terabiti 4.72 kwa sekunde ukapita terabiti 10.

Hakuna aliyezamia kuongeza uzi. Kioo kilicho sakafuni mwa bahari ni kilekile cha 2010, na vikuza mwanga ni vilevile. Kilichobadilika kimo ndani ya makabati yenye viyoyozi huko ufukweni.

> Kioo kilicho sakafuni mwa bahari ni kilekile cha 2010. Kilichobadilika kimo ndani ya makabati ya ufukweni.

Teknolojia hiyo sasa imeshuka hadi kwenye mfuko wa mtoa huduma wa kawaida. Mwaka 2020, jukwaa la viwanda liitwalo OIF lilichapisha kanuni ya 400ZR: moduli inayoshikika kiganjani, inayochomekwa moja kwa moja kwenye ruta, ikituma gigabiti 400 kwa rangi moja hadi kilomita 120 hivi kukiwa na vikuza mwanga. Zamani kazi hiyo ilidai kabati zima la mitambo pembeni ya ruta, pamoja na umeme na kiyoyozi chake. Kwa sababu kanuni ni ya wazi, viwanda vingi vinaitengeneza, na ushindani huo ndio unaoshusha bei.

Kwa mteja wa nyumbani

Habari ni hiyohiyo kwenye waya unaoingia nyumbani. Mitandao mingi ya faiba ya mitaani hutumia GPON: uzi mmoja kutoka kwenye kituo, unaogawanywa na splita kwa nyumba 32 au 64. Unabeba gigabiti 2.5 kwenda kwa wateja na 1.25 kurudi. Nyumba 32 zikidai kwa wakati mmoja, kila moja inapata megabiti 78 hivi.

Waliobuni kizazi kilichofuata, XGS-PON, chenye gigabiti 10 kwenda na kurudi, walikitafutia rangi zisizotumika. GPON iko kwenye 1490 na 1310. XGS-PON iko kwenye 1577 na 1270. Vyote viwili hupita kwenye uzi mmoja na splita ileile. Kinachoongezwa ni kichujio kimoja na kadi mpya kituoni, na kifaa kipya kwa mteja aliye tayari kulipia kasi hiyo. Jirani yake asiyehitaji anabaki na kifaa chake cha zamani na hajui kama kuna kilichobadilika.

Tahadhari moja: kumpanulia mteja mlango huku njia kuu ya kutoka mjini ikiwa bapa kila jioni ni kuhamisha foleni tu. Kampuni zinazotangaza kasi mpya kwenye mabango zingepaswa kuanza na ule mchoro wa saa mbili usiku.

Kabla ya rangi, usafi

Kuna uwezo unaopotea bila sababu yoyote ya kiteknolojia. Chembe ya vumbi kwenye uso wa konekta yaweza kuwa pana kuliko kiini chenyewe cha mikromita 9. Konekta chafu inayokula desibeli 1 imeiba mwanga sawa na kilomita 4 za kioo katika hesabu yetu ya Kibaha. Zikiwa 4 za namna hiyo njiani, akiba karibu yote imekwisha na rangi za mwisho ziko hatarini kutowaka.

Fundi aliyefundishwa vizuri hutambulika kwa mkono wake. Anavua kifuniko cha konekta dakika ya mwisho kabisa, anaitazama kwa darubini ndogo, anaisafisha kwa kalamu ya kusafishia, anaitazama tena, ndipo anachomeka. Hafuti kwa pindo la shati. Hachanganyi konekta ya kijani na ya buluu, kwa sababu uso wa ile ya kijani umekatwa kwa mshazari wa digrii 8 na wa ile ya buluu haukukatwa hivyo. Zikikutanishwa, zinaachiana nafasi ya hewa katikati na mwanga unapotea.

Halafu kuna mikunjo. Uzi uliobanwa kwenye kona ya chemba au kukazwa mno kwa kibanio cha plastiki waweza kufanya kazi miaka mingi kwa nanomita 1310 bila mtu kushtuka. Siku rangi za 1591 na 1611 zinapoongezwa, hazifiki, kwa kuwa mawimbi marefu huvuja zaidi kwenye mkunjo. Watu huanza kulaumu moduli walizonunua. Kwa hiyo kipimo cha OTDR, kifaa kinachotuma mwanga kwenye uzi na kusoma unaorudi, kikifanywa kwa 1310 peke yake hakitoshi. Uzi upimwe kwa 1550 na 1625 kabla ya kununua chochote.

Kifaa cha kusafishia ni bei ya mlo wa watu wachache hotelini. Naona ni jambo la kusikitisha kwamba miradi ya mamilioni hupangiwa bajeti ya mitambo na kusahau mafunzo ya siku chache kwa vijana wanaoingia kwenye chemba.

Usafi wa namna nyingine ni kuacha kusafirisha ng'ambo data isiyopaswa kutoka. Utafiti wa Internet Society uliotolewa 2020 ulionyesha kuwa nchini Kenya sehemu ya data inayopatikana ndani ya nchi ilipanda kutoka asilimia 30 hivi mwaka 2012 hadi 70, na kilele cha data kwenye kituo cha kubadilishana, KIXP, kutoka gigabiti 1 hadi 19. Kila gigabiti inayobaki Nairobi ni nafasi iliyoachwa wazi kwenye njia ya kwenda baharini.

Hoja ya wanaotaka mikongo mipya

Si kila mtu anashangilia rangi. Upande wa pili una hoja nzito, na tarehe yake inajulikana: Mei 12, 2024. Jumapili hiyo EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi, Msumbiji na Madagaska nazo ziliguswa. Miezi michache kabla, mnamo Februari, mikongo kadhaa ilikuwa imekatika katika Bahari ya Shamu, kwa hiyo hata njia ya kaskazini ilikuwa na majeraha.

Siku ya namna hiyo, wanasema, rangi 8 au 80 zote zinazimika pamoja. Kuzidi kujaza mkongo mmoja ni kuzidisha hasara siku ukikatwa na nanga, au na mashine ya kuchimba ya mkandarasi wa barabara. Nchi inahitaji njia nyingi, hata kama kila moja ina nafasi iliyobaki.

Wako sahihi kuhusu hatari. Wanachokosea, kwa maoni yangu, ni kuzifanya hoja hizi mbili zipigane. Mradi wa njia ya pili ukiwa bado kwenye makaratasi, wateja wanasubiri usiku wa leo. Kuongeza rangi ni kazi ya wiki chache, na fedha iliyookolewa hapo ndiyo inayoweza kuchangia njia ya pili ya kweli, inayopita mahali pengine, mto mwingine, mji mwingine. Kinachonikera ni fedha zinazotumika kulaza mkongo wa pili katika mtaro uleule wa kwanza. Huo hauongezi usalama, kwa sababu mashine moja itaikata yote miwili. Na uwezo unaouongeza ungepatikana kwa kisanduku kisichotumia umeme.

> Mkongo wa pili katika mtaro uleule hauongezi usalama. Mashine moja itaikata yote miwili.

Nani ana uzi, nani anauza megabiti

Mvutano mkali zaidi hauko kwenye fizikia. Uko kwenye mikataba. Mwenye mkongo anaweza kukodisha uzi mtupu, na mpangaji akaufungia vifaa vyake na kuwasha rangi anazotaka. Au anaweza kukataa kutoa uzi, akauza kasi iliyokwisha kuwashwa: gigabiti 1 kwa bei hii, gigabiti 10 kwa bei ile.

Wenye mikongo wanayo sababu. Wamekopa kujenga. Wakimkodisha mtu uzi kwa bei moja, naye akazidisha uwezo mara 8 mwaka huu na mara 40 mwaka ujao, wao wanabaki na malipo yaleyale. Mtoa huduma mdogo naye ana sababu yake: akinunua kasi tu, faida yote ya teknolojia iliyoshuka bei inaishia kwa mwenye mkongo, naye analipa zaidi kila wateja wake wanapoongezeka.

Kuna njia ya katikati ambayo bado haizungumzwi vya kutosha kwetu. Mwenye mkongo anaweza kukodisha rangi moja, au kipande cha ukanda wa rangi, juu ya vikuza mwanga vyake mwenyewe, na mpangaji akaleta moduli zake. Kwenye mikongo ya bahari na mitandao mikubwa duniani utaratibu huu unafanya kazi. Mitandao ya vyuo vikuu kama KENET ya Kenya na TERNET ya Tanzania, ambayo mahitaji yake ni makubwa na bajeti zake ni za taasisi za elimu, ingefaidika nao sana.

Tanzania ina kanuni za kuchangia miundombinu zilizotungwa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Kwa mikongo iliyojengwa kwa fedha za umma ningependa kuona zaidi: bei ya jozi ya nyuzi tupu kwa kilomita, na bei ya rangi moja, zitangazwe hadharani mahali ambapo kampuni ya Sumbawanga inaweza kuzisoma sawa na kampuni kubwa ya Dar es Salaam.

Kuna pia kufuli za watengenezaji. Swichi na ruta kadhaa hukataa moduli isiyo na chapa yao, ingawa umbo na vipimo vya moduli hizo ni vya kanuni ya pamoja na kioo hakijui nani kaitengeneza. Tofauti ya bei kati ya moduli yenye chapa na ile ya kiwanda kingine inaweza kuamua kama mradi mdogo utaanza. Mnunuzi aulize hilo kabla ya kununua swichi, si baada ya moduli kufika na kukataliwa.

Pale rangi zinapoisha

Uzi nao una kikomo. Ukiongeza nguvu ya mwanga ili upitishe data zaidi, hufika mahali kioo chenyewe kinaanza kuuvuruga mwanga, na kila hatua ya ziada inadai nguvu nyingi kwa faida ndogo. Ndiyo sababu mikongo mipya ya bahari inaongeza idadi ya nyuzi badala ya kukamua zaidi uzi mmoja. 2Africa, uliotangazwa 2020 na kuletwa pia Mombasa na Dar es Salaam, una urefu wa takriban kilomita 45,000 na umeundwa kubeba hadi jozi 16, mara 8 ya zile za EASSy.

Kwa hiyo anayelazimika kuchimba asibane nyuzi. Aliyelaza nyuzi 12 kwa kubana matumizi ameokoa kioo, ambacho ndicho kitu cha bei nafuu zaidi katika mradi mzima. Aweke 96 kama zinaingia, na bomba tupu la pili pembeni, kwa ajili ya mkongo ambao hajaufikiria bado. Barabara zinapojengwa au kupanuliwa, bomba hilo lilazwe kabla ya lami, maana siku hiyo mtaro ni karibu bure.

Lakini njia nyingi za mikoani bado ziko mbali na kikomo hicho. Zinabeba rangi moja, mara nyingi ya gigabiti 10, kwenye kioo kinachoweza kubeba mara nyingi zaidi ya hapo. Anayesaini mkataba mwingine wa kukodi nyuzi wiki ijayo adai mambo manne kwa maandishi: aina ya kioo, kwa kuwa kile cha zamani kisicho cha kiwango cha G.652.D hunyonya mwanga karibu na nanomita 1383. Matokeo ya OTDR kwa 1550 na 1625 kwa kila kipande. Saa ambazo mwenye mkongo atahesabiwa kuanzia uzi unapokatika hadi unaporudi. Na kifungu kinachosema waziwazi kwamba mpangaji yuko huru kuwasha rangi yoyote, kwa idadi yoyote. Mwenye mkongo akikifuta kifungu hicho cha mwisho, anachouza si uzi tena bali ni kasi, na bei yake ilinganishwe na bei za kasi zilizopo sokoni.